Kunyamaza kwa wengi si kukubali

Mwenyekiti anamaliza kueleza pendekezo, anaangaza macho kuizunguka meza, anauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Kimya. Mmoja anapekua makaratasi, mwingine anachungulia simu yake, wa tatu anatikisa kichwa polepole na huwezi kujua kama anaafiki au anasikiliza tu. "Basi tumekubaliana," anasema mwenyekiti, na katibu anaandika kwamba wajumbe wameridhia kwa kauli moja. Kikao kikishavunjika, wawili wanateta koridoni: pendekezo lile halifai hata kidogo. Kumbe na yule wa tatu hakulipenda.

Kwa maoni yangu, jambo kubwa kuliko yote ambalo saikolojia ya jamii imelibainisha limo ndani ya kimya kile. Tukizungumzia namna watu wanavyoathiriwa na wenzao, tunawaza shinikizo: vitisho, vishawishi, kundi rika linalomburuta kijana asikotaka kwenda. Hayo yapo. Lakini ukizisoma kwa makini tafiti zile zile zinazonukuliwa kila mara kuthibitisha kwamba binadamu ni bendera fuata upepo, utaona kwamba wenzetu wanatuelekeza zaidi kwa yale wasiyoyasema. Tunausoma ukimya wao kama jibu, nao wakati huo huo wanausoma wetu.

Taaluma hii inachunguza jinsi fikra, hisia na matendo ya mtu yanavyobadilika kwa sababu ya wengine, wawe wapo mbele yake au anawawaza tu. Kurt Lewin, mmoja wa waasisi wake, aliyeondoka Ujerumani mwaka 1933 Wanazi waliposhika madaraka, alisisitiza kwamba tendo la mtu ni zao la vitu viwili kwa pamoja: mtu mwenyewe na mazingira aliyomo. Ni kauli ambayo hakuna anayeipinga, na tunaikiuka kila siku. Mwenzetu akichelewa, tunasema ni mzembe. Tukichelewa sisi, tunasema kulikuwa na foleni. Mwaka 1967 Edward Jones na Victor Harris waliwapa watu insha za kumuunga mkono au kumpinga Fidel Castro, kiongozi wa Kuba, wakawaeleza wazi kwamba mwandishi hakuchagua upande, alipangiwa. Hata hivyo wasomaji waliendelea kuamini kwamba aliyeandika kumsifu Castro anampenda kwa kiasi fulani. Tabia ya mtu inaonekana kwa macho, mazingira yaliyomzunguka hayaonekani, na sisi tunahukumu kwa kinachoonekana.

Jaribio linaloonyesha gharama ya kosa hilo lilichapishwa mwaka 1973 na John Darley na Daniel Batson. Walifanya kazi na wanafunzi wa seminari ya Princeton, Marekani, vijana waliokuwa wakisomea utumishi wa dini. Kila mmoja alitumwa jengo la pili kwenda kutoa hotuba fupi, na baadhi yao mada yao ilikuwa mfano wa Msamaria mwema. Njiani, kwenye kichochoro, kulikuwa na mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Kati ya walioambiwa kwamba bado wana muda wa kutosha, asilimia 63 walimsaidia kwa namna fulani. Kati ya walioambiwa kwamba wamechelewa na wanasubiriwa, ni asilimia 10 tu. Wapo waliokuwa wakiwahi kuzungumzia Msamaria mwema ambao walimruka yule mtu wakaendelea na safari. Sidhani kama walikuwa wanafiki. Kuna mtu alikuwa amewaambia maneno machache kuhusu saa, na maneno hayo yalitosha.

Sasa tuje kwa Solomon Asch, ambaye nadhani ndiye anayesimuliwa vibaya kuliko watafiti wote. Kuanzia mwaka 1951 alichapisha matokeo ya jaribio lililokuwa rahisi mno. Wanafunzi wa kiume wa chuo wanakaa pamoja chumbani, wanaonyeshwa mstari mmoja, kisha mistari mitatu ya urefu tofauti, na kila mmoja anataja kwa sauti ni upi ulio sawa na ule wa kwanza. Jibu linaonekana waziwazi. Walioachwa wafanye kazi hiyo peke yao hawakukosea ila mara chache sana. Lakini katika kundi lile mshiriki wa kweli ni mmoja tu, naye amekalishwa karibu na mwisho wa zamu. Wengine wote wamepangwa na mtafiti. Mara mbili za kwanza wanajibu sawasawa. Kisha wa kwanza anataja mstari ulio wazi kabisa kuwa si wenyewe, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja jina lake. Wa pili anataja huo huo. Wa tatu pia. Zamu inasogea. Mshiriki anakodoa macho, anainama mbele, anajigeuza kwenye kiti, anatabasamu kwa wasiwasi.

Kati ya majibu yaliyotolewa chini ya hali hiyo, kama asilimia 37 yalifuata kundi, na takriban robo tatu ya washiriki walifuata walau mara moja. Hapo ndipo wasimuliaji wengi wanapoishia. Wanasahau kwamba majibu yaliyobaki, karibu thuluthi mbili, yalikuwa sahihi, yametolewa na kijana aliye peke yake mbele ya watu wote, na kwamba takriban robo ya washiriki hawakuyumba hata mara moja. Asch mwenyewe alivutiwa sana na hao waliosimama imara. Vilevile alifanya jambo ambalo kwangu lina thamani kuliko takwimu ile maarufu: alibadilisha kitu kimoja tu. Alimpanga mtu mmoja katika kundi ataje jibu sahihi. Makosa ya washiriki yakashuka hadi takriban robo ya yalivyokuwa. Akaenda mbali zaidi, akampanga mtu apingane na kundi kwa kutaja jibu bovu kuliko la kundi. Hata huyo, aliyekosea kuliko wote, alimfungua mshiriki mdomo, na makosa yakashuka sana.

Kama kilichokuwa kikimkandamiza mshiriki ni idadi ya waliompinga, basi mtu mmoja mwenye jibu bovu asingemsaidia chochote, maana bado wote waliobaki walikuwa upande ule. Kilichovunjika ni umoja. Mshiriki aligundua kwamba chumbani humo inawezekana kusema tofauti, na mbingu zisianguke. Alipokuwa peke yake alikuwa akijiuliza kama macho yake yana kasoro, kama hakuelewa maelezo, kama ataharibu jaribio. Hayo ndiyo waliyomweleza Asch walipohojiwa baadaye. Sauti moja iliyokengeuka ilimwondolea maswali hayo yote kwa mkupuo.

Bibb Latané na John Darley walilichukua suala hilo mahali ambapo hakuna kundi linalosema chochote. Katika jaribio lao la mwaka 1968 mwanafunzi anajaza fomu kwenye chumba cha kusubiria, mara moshi mweupe unaanza kupenya kutoka kwenye tundu la ukutani. Aliyekuwa peke yake aliutazama, akainuka, akausogelea, akanusa, akatoka kwenda kutoa taarifa. Robo tatu walifanya hivyo. Alipokuwa na watu wawili waliopangwa kutojali, walioinua macho mara moja na kurudi kwenye fomu zao, ni mmoja tu kati ya kumi aliyetoka. Tisa waliobaki walikohoa, wakafikicha macho, wakapunga mkono kuondoa moshi usoni, wengine wakafungua dirisha, lakini walibaki wanajaza fomu. Walipoulizwa baadaye, walikuwa na maelezo: ulikuwa mvuke, ulikuwa ukungu wa kiyoyozi. Wapo waliodhani ni gesi ya kuwafanya waseme kweli.

Tazama kilichotokea. Hakuna aliyewaambia wakae. Hakuna aliyewacheka wala kuwatisha. Kila mmoja alihitaji kujua kama moshi ule ni hatari, akafanya kile ambacho sote tungefanya, akawatazama wenzake. Walipowekwa watatu ambao hakuna kati yao aliyepangwa, moshi uliripotiwa katika asilimia 38 tu ya makundi. Watatu hao walikuwa kila mmoja anajitahidi asionekane mwenye hofu bure, na kila mmoja akauona utulivu wa wenzake kama ushahidi kwamba mambo ni shwari. Utulivu ule ulikuwa wa kuigiza pande zote.

Utafiti wa Latané na Darley ulichochewa na mauaji ya Kitty Genovese, mwanamke aliyeuawa katika eneo la Queens, New York, usiku wa tarehe 13 Machi 1964. Gazeti kubwa la mji huo liliandika kwamba majirani 38 walitazama bila kufanya lolote, na habari hiyo ikazunguka dunia nzima kama ushahidi wa roho mbaya ya watu wa mijini. Haikuwa kweli kama ilivyoandikwa. Walioona kilichokuwa kikitokea walikuwa wachache zaidi, mmoja alipaza sauti dirishani na mshambuliaji akaondoka kwa muda, na jirani mmoja alishuka akamkumbatia Genovese alipokuwa akikata roho. Inaniuma kwamba kizazi kizima cha wanafunzi kimefundishwa hadithi hiyo bila masahihisho, kwa sababu inafundisha dharau kwa binadamu, na dharau hiyo haina msingi. Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Richard Philpot walichapisha uchambuzi wa picha za kamera za mitaani zilizonasa ugomvi 219 katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town. Katika matukio tisa kati ya kumi, walau mtu mmoja aliyekuwa karibu aliingilia kati.

Je, matokeo haya yanaupinga moshi? Sioni hivyo. Watu wawili wakipigana barabarani, huhitaji kumtazama jirani yako kujua kinachoendelea. Moshi mweupe usioeleweka ni jambo lingine. Wenzetu wana nguvu kubwa zaidi juu yetu pale jambo lenyewe linapokuwa na utata, na mambo mengi mazito maishani huanza yakiwa na utata: hesabu zinazoonekana kutokaa sawa, mzaha kazini unaoanza kugeuka unyanyasaji, jengo lenye ufa. Hakuna anayeona moto siku ya kwanza.

Nifike kwa Stanley Milgram, mtafiti maarufu wa utii kwa mamlaka, maana msomaji atamuulizia. Katika jaribio lake la chuo kikuu cha Yale, lililochapishwa mwaka 1963, wanaume 26 kati ya 40 waliendelea kubonyeza vitufe hadi volti 450, wakiamini wanampiga mtu shoti ya umeme, kwa sababu tu mtafiti aliwaambia waendelee. Mtu wa upande wa pili hakupigwa shoti yoyote, alikuwa akiigiza. Jaribio hili limekosolewa sana, na kwa haki: baadhi ya washiriki walishuku, mtafiti mara nyingine alisisitiza kupita maelekezo yaliyoandikwa, na kuwatesa washiriki kisaikolojia namna ile kusingeruhusiwa leo. Lakini Milgram alifanya majaribio mengi ya aina hiyo, siyo moja. Katika mojawapo alimwekea mshiriki wenzake wawili, waliopangwa wakatae katikati. Safari hii waliofika mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40. Mtafiti alikuwa yule yule, na amri zile zile. Mamlaka haikupungua, kilichoongezeka ni watu wawili waliosema hapana mbele ya macho ya wa tatu.

Inafaa kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya majaribio haya ilifanywa Marekani, tena kwa wanafunzi wa vyuo. Rod Bond na Peter Smith walipokusanya tafiti 133 za mtindo wa Asch kutoka nchi 17, mwaka 1996, waliona kwamba watu wa jamii zinazothamini sana kundi hufuata zaidi kuliko wa jamii zinazomtukuza mtu binafsi. Mimi sikubali kwamba huo ni udhaifu moja kwa moja. Kumwafiki mwenzako hadharani ili asifedheheke ni adabu, na jamii isiyo na adabu hiyo haikaliki. Shida huanza pale adabu inaposomwa kama imani, watu wote wanapoamini kwamba kile kinachosemwa kwa heshima ndicho kinachofikiriwa.

Na hapo ndipo penye kisa kinachonipa moyo kuliko vyote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 na Leonardo Bursztyn na wenzake ulifanywa Riyadh, Saudi Arabia, kwa wanaume vijana waliooa. Waliulizwa faraghani kama wanaafiki mwanamke kufanya kazi nje ya nyumbani. Walio wengi sana waliafiki. Wakaulizwa wanadhani wenzao waliomo chumbani wanasemaje, na wengi wao wakakisia chini ya ukweli. Kila mmoja alikuwa akijiona tofauti na wenzake, na kwa kuogopa kuwa tofauti alinyamaza. Kisha nusu yao wakaelezwa idadi halisi. Hakuna aliyewahubiria, hakuna aliyebadilishwa maoni. Walielezwa tu maoni ambayo wenzao tayari walikuwa nayo. Walioelezwa walikuwa tayari zaidi kuwaandikisha wake zao kwenye huduma ya kutafutiwa kazi, na miezi kadhaa baadaye wake zao walikuwa wameomba kazi zaidi kuliko wale ambao waume zao hawakuelezwa.

Kipo pia kisa cha kinyume chake, na waandishi wa kampeni za kuelimisha umma wanapaswa kukisoma mara mbili. Katika hifadhi ya Petrified Forest huko Arizona, wageni walikuwa wakiondoka na vipande vya miti iliyogeuka mawe. Robert Cialdini na wenzake waliweka tangazo lililolalamika kwamba wageni wengi waliotangulia wamekuwa wakichukua vipande hivyo na kuiharibu hifadhi. Wizi ulikuwa karibu asilimia 8. Tangazo jingine liliwaomba tu wageni wasichukue, na wizi ukawa chini ya asilimia 2. Lile la kwanza lilitaka kuonya, lakini kilichosikika ni kwamba kila mtu anachukua. Kila tunapolalamika kwamba rushwa imeota mizizi kila mahali, kwamba vijana wote wanakunywa, kwamba hakuna anayesoma siku hizi, tunaandika tangazo la namna hiyo.

Mitandao ya kijamii imelikuza tatizo hili kwa sababu ndani yake ukimya hauonekani kabisa. Kwenye kikao nawaona walionyamaza. Labda nitagundua kwamba mmoja amekunja uso. Kwenye kundi la simu lenye watu mia mbili, wakiongea watano kwa ukali, watano hao ndio kundi. Wengine mia na tisini na tano hawana uso. Wapo wanaopita, wapo wanaochukizwa, wapo wasiosoma kabisa, na wote wanahesabiwa kuwa upande wa waliopiga kelele.

Kwa hiyo sikubaliani na ushauri unaotolewa kila siku, kwamba dawa ni kumfundisha kila mtu ujasiri wa kusimama peke yake. Ni vizuri kuwa na ujasiri, lakini ushauri huo unarudia kosa lile la kutazama tabia na kusahau mazingira. Mazingira yanaweza kupangwa. Wajumbe waandike maoni yao kabla ya mazungumzo kuanza; Asch aliona kwamba mshiriki aliyeruhusiwa kuandika jibu lake badala ya kulitamka alifuata kundi mara chache zaidi. Mwenye cheo kikubwa aseme mwisho, mdogo aanze. Mwenyekiti asiulize kama kuna swali, aulize pendekezo hili likishindikana litakuwa limeshindikana kwa sababu gani, ili kukosoa kuwe ndiyo kazi aliyowapa. Anayehitaji msaada mbele ya umati asipige kelele kwa wote, amnyooshee kidole mmoja: wewe mwenye shati la bluu, piga simu.

Na yupo mtu ambaye tunamsahau, yule wa pili. Tunamsifu anayesema kwanza, na anastahili, lakini kikaoni mtu mmoja anaweza kuitwa mkorofi na mambo yakaendelea. Akiinuka wa pili na kusema "hata mimi nina wasiwasi", si lazima hata awe na hoja nzuri, hesabu chumbani inabadilika. Ila asirudi nyuma. Asch alilijaribu hili pia: mshirika aliyekuwa akitaja jibu sahihi alipangwa abadilike katikati na kujiunga na kundi, na makosa ya mshiriki aliyebaki yakapanda tena mara moja. Anayeunga mkono kwenye mjadala na kunyamaza wakati wa kupiga kura amemrudisha mwenzake pale pale alipokuwa.